Mstari Uliohamia Kwenye Chungu

Leo sina sungura wala fisi. Nina binti wa Nairobi, penseli yake na donge la udongo, na kisa chenyewe ni cha kweli. Anayetaka ushahidi atavikuta vyungu vya binti huyo ndani ya makabati ya vioo katika makumbusho ya London, New York na Washington.

Anaitwa Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950, miaka 13 kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa, akasoma utotoni mwake India na Kenya. Sasa ni miongoni mwa wafinyanzi wanaoheshimiwa zaidi duniani. Lakini hakuanza na udongo. Alianza na kazi ya kuchora matangazo ya biashara, kipande ambacho wasimulizi wengi hukiruka mbiombio ili wafike kwenye vyungu. Mimi sitakiruka. Naona kwamba bila kipande hicho vyungu vyenyewe havieleweki vizuri.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Nenda jikoni uchukue pakiti ya unga. Itazame kama mtu ambaye hajawahi kuiona. Kuna mtu aliyeamua kwamba jina liandikwe kwa herufi nene, tena zenye pembe zilizoviringwa. Kuna mtu aliyechagua nyekundu badala ya kijani, akaamua hindi likae upande gani na uzito wa kilo uandikwe pembe gani. Aliacha nafasi tupu mahali fulani ili jicho lako lipumzike kabla ya kusoma linalofuata. Mtu huyo ni mbunifu wa michoro. Jina lake halipo kwenye pakiti, na halitakuwepo. Amelipwa, akaondoka, na mamilioni ya watu wanaishika kazi yake kila siku bila kujua kwamba kuna mkono uliopita hapo.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwenye kompyuta. Ukikosea unabonyeza kitufe na kosa linafutika. Magdalene Odundo alipoingia kwenye fani hii, mwishoni mwa miaka ya 1960, hakukuwa na kitufe. Kulikuwa na meza iliyoinama, rula kubwa yenye umbo la herufi T, kalamu ya wino yenye ncha nyembamba kama sindano, wembe, gundi, na karatasi za herufi za kubandika ambazo ulizisugua moja moja hadi zishike. Herufi moja ikikaa upande, neno zima limeharibika. Picha ya rangi ilibidi igawanywe mara nne kabla ya kwenda kiwandani: sehemu ya samawati peke yake, ya waridi iliyokolea peke yake, ya manjano, na ya nyeusi. Mashine ilizichapa moja juu ya nyingine, na zikipishana kwa unene wa unywele, uso wa msichana kwenye tangazo ulitoka na midomo miwili. Kwa hiyo mchoraji wa matangazo alijifunza kutotetemeka mkono. Alijifunza pia kuona unene wa mstari kabla ya kuuchora.

Na kazi ilikuwepo tele. Kenya ilikuwa nchi changa yenye shughuli nyingi. Shilingi ya Kenya ilianza kutumika mwaka wa 1966 mahali pa ile ya Afrika Mashariki, hivyo hata noti zilibidi zichorwe upya. Barabara za mjini zilikuwa zimebadilishwa majina, na mabango yake pia. Jumba la mikutano tunaloliita KICC lilianza kujengwa mwaka wa 1967 likakamilika 1973, na hoteli ya Hilton ikafungua milango 1969. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu wakazi wa Nairobi zaidi kidogo ya 509,000, na wote hao walihitaji kuambiwa wanunue sabuni gani, wasome gazeti gani, wapande ndege gani. Magazeti yalitaka matangazo kila siku. Viwanda vilitaka vibandiko. Katikati ya jiji kulikuwa na ofisi za matangazo na mitambo ya kuchapa, nazo zikahitaji vijana wenye macho makali.

Katika ujana wake Magdalene Odundo aliingia kwenye kazi hiyo ya uchoraji wa biashara jijini. Mafunzo yake aliyapata Kabete. Ukitaka kupajua, panda matatu ya Kikuyu, pita Westlands, pita Kangemi, na utakiona chuo kando ya Waiyaki Way. Leo kinaitwa Kabete National Polytechnic. Kilianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1924 kufundisha Waafrika useremala, uashi na uhunzi, kwa sababu wakoloni walihitaji mafundi wa kujenga nyumba na reli zao. Hawakukusudia kufundisha wasanii. Ila shule ina tabia ya kutoa watu ambao walioijenga hawakuwawaza, na Kabete ndiko Magdalene alikosomea michoro na sanaa ya biashara.

Zingatieni hapo: ni chuo cha ufundi. Huko hukai ukingoja wazo likushukie. Unapewa kazi na siku ya kuimaliza, mwalimu anapima kwa rula, na mstari uliopinda unarudiwa. Najua baadhi yenu mnaambiwa msanii ni mtu wa kuamka na kipaji, akichora anapopenda. Huenda wapo wa namna hiyo. Ninaowajua mimi, na waliodumu, wengi walifinyangwa na kazi ya kurudiarudia.

Wakati huohuo jijini kulikuwa na mabishano ya maana kuhusu sanaa ya Mwafrika huru iweje. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanzania, alikuwa amefungua jumba la sanaa la Paa ya Paa mwaka wa 1965 katikati ya Nairobi, mahali ambapo Waafrika wangeonyesha kazi zao bila kuomba ruhusa kwa mtu. Chuo Kikuu nacho, kilichoitwa wakati ule University College, kilikuwa kimemwajiri Selby Mvusi, msanii kutoka Afrika Kusini, afundishe usanifu. Alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka wa 1967 kabla ya kuona matunda ya kazi yake. Kijana aliyechora matangazo mchana aliishi katika jiji lililokuwa likiuliza maswali hayo jioni.

Mwaka wa 1971 Magdalene alipanda ndege kwenda Uingereza. Hakwenda kutafuta udongo. Alikwenda kuongeza ujuzi wa kazi aliyokuwa nayo, ubunifu wa michoro, katika Chuo cha Sanaa cha Cambridge. Alikuwa na umri wa miaka 21. Kama mambo yangekwenda yalivyopangwa, angerudi Nairobi na cheti, apewe meza kubwa zaidi kwenye ofisi kubwa zaidi, na leo tungekuwa tunashika pakiti zake bila kumjua.

Kilichotokea ni kwamba huko Cambridge aligusa udongo. Mji ule una makumbusho yenye vitu vya kale kutoka kila pembe ya dunia, vikiwemo vyungu vya Afrika, na alivitazama kwa jicho lililofunzwa kupima mstari. Jiwekeni mahali pake: umetoka bara ambalo mabibi wamefinyanga kwa maelfu ya miaka, ukasomea michoro kwa rula ya Mzungu, kisha unakutana na chungu cha kwenu kimewekewa kibandiko ng'ambo. Pengine wengine wangekasirika na kuishia hapo. Yeye alitaka kujua kilitengenezwaje.

Hapo alifanya jambo ambalo mimi naliona gumu kuliko kupanda ndege. Alikubali kuwa mwanafunzi mchanga tena. Tayari alikuwa na kazi mkononi, kazi inayolipa, aliyoisomea nchi mbili. Akaiweka kando, akajiunga na chuo cha sanaa cha West Surrey, mjini Farnham, mwaka wa 1973, asomee ufinyanzi kuanzia sifuri.

Kisha akarudi Afrika kujifunza, ila si kwa profesa. Mwaka wa 1974 hadi 1975 alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja. Abuja hiyo si mji mkuu wa leo, ni mji wa zamani ambao sasa unaitwa Suleja. Kituo kilianzishwa na mfinyanzi Mwingereza, Michael Cardew, mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini hazina yake ilikuwa wanawake wa Kigwari waliofinyanga kama mama zao walivyofinyanga. Aliyejulikana zaidi kati yao alikuwa Ladi Kwali. Mkipata noti ya Nigeria ya naira 20, igeuzeni nyuma: yule mwanamke aliye na chungu ndiye. Ni nchi ngapi mnazozijua zilizoweka mfinyanzi kwenye pesa?

Wanawake wale hawakutumia gurudumu linalozunguka. Chungu kilikaa palepale, mfinyanzi ndiye aliyekizunguka, akipiga hatua kinyumenyume huku mkono mmoja ukiwa ndani na mwingine nje, ukuta wa udongo ukipanda polepole kati ya viganja. Hakuna mashine ya kulinganisha pande. Ulinganifu unatoka kwenye mwendo wa mwili na kwenye jicho. Magdalene alijifunza hapo, na pia alipita Kenya katika safari hizo kuwatazama wafinyanzi wa nyumbani. Baadaye alifika hata San Ildefonso, New Mexico nchini Marekani, kijiji cha wenyeji asilia wa Pueblo kilichosifika kwa vyungu vyeusi vya kung'aa vya Maria Martinez na jamaa zake.

Alipata shahada ya kwanza Farnham mwaka wa 1976. Kuanzia mwaka huo hadi 1979 alifundisha katika Commonwealth Institute, London. Halafu akaingia Royal College of Art, akamaliza shahada ya uzamili mwaka wa 1982. Hesabuni wenyewe: tangu alipotua Cambridge hadi alipomaliza masomo ni miaka 11. Mtu anayewauzia kozi ya kuwa msanii kwa wiki sita hajawahi kusikia habari hii.

Sasa tuingie kwenye chumba chake cha kazi, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Anaanza na donge la udongo mwekundu. Analitoboa katikati kwa ngumi, anazivuta kuta zake juu, kisha anaongeza misokoto mirefu ya udongo, mmoja juu ya mwingine, kama unga wa chapati unavyosokotwa kabla ya kusukumwa. Kila msokoto unaunganishwa na ule wa chini hadi mshono upotee. Anakwangua ndani na nje ili ukuta uwe mwembamba, na kifaa kimojawapo cha kukwangulia ni kipande cha kibuyu kikavu. Chungu kinapanda: kitako kidogo sana, tumbo lililofura, shingo inayochomoka, mdomo unaofunguka kama ua au unaoinama upande kama mtu anayesikiliza. Kimoja kina vidutu vidogo mgongoni vilivyopangwa mstari kama pingili za uti wa mgongo. Kingine kina mbawa mbili ndogo begani. Ukikitazama kwa muda unaona mwanamke amesimama, ingawa hakuna uso, hakuna mkono.

Kikishakauka kiasi, anakisugua kwa jiwe laini au kifaa kingine kigumu. Anapaka juu yake tope jembamba lililochujwa sana, anasugua tena. Kung'aa unakokuona kwenye vyungu vyake hakutokani na rangi ya kupaka wala ule utando wa kioo ulio kwenye vikombe vya dukani. Ni udongo uliosuguliwa hadi chembe zake zikalala upande mmoja na kuurudisha mwanga.

Halafu moto. Chungu kikichomwa kwenye tanuri lenye hewa ya kutosha, chuma kilichomo ndani ya udongo hukutana na oksijeni, na chungu hutoka na rangi nyekundu inayoelekea chungwa. Kikirudishwa motoni mara ya pili, safari hii kikiwa kimefungiwa pamoja na vipande vya mbao, kuni zile hufuka moshi na kula oksijeni yote iliyopo. Chuma hukosa hewa, moshi hupenya, na chungu kilekile chekundu hutoka cheusi ti. Mara nyingine moshi unafika upande mmoja tu na chungu kinatoka na mawingu, nyekundu ikiyeyuka ndani ya nyeusi. Mfinyanzi huweza kuongoza moto, lakini hawezi kuuamuru. Chungu cha wiki kadhaa kinaweza kupasuka kwa dakika moja, na hakuna kitufe cha kufuta. Kwa sababu hiyo yeye hutoa vyungu vichache tu kwa mwaka.

Rudini sasa kwenye ile meza iliyoinama ya Nairobi. Mbunifu wa michoro anafunzwa kwamba mtu atautazama ubunifu wake kwa sekunde mbili akiwa ndani ya basi. Kwa hiyo umbo lazima lisomeke kutoka mbali, kwa muhtasari wake tu, bila maelezo. Chukua picha ya chungu chochote cha Odundo, ifanye kivuli cheusi juu ya karatasi nyeupe. Utakitambua. Hakuna pambo la kukusaidia, hakuna rangi zaidi ya mbili, ni mstari unaoshuka kutoka mdomoni hadi kitakoni bila kusita. Anachora pia, na ameendelea kuchora miaka yote, kwa penseli na makaa. Wako wanaosema aliiacha michoro akaenda kwenye udongo. Mimi nasema aliihamisha. Alichoacha ni mteja.

Na kumwacha mteja kuna gharama, sitawaficha. Aliyemlipa zamani alimwambia pia la kufanya: sabuni hii, herufi hizi, Ijumaa saa kumi. Ukiwa peke yako na donge la udongo, hakuna anayekuambia umemaliza. Hakuna pia anayekulipa mwisho wa mwezi. Magdalene Odundo alijikimu kwa kufundisha. Kuanzia mwaka wa 1997 alikuwa mwalimu katika chuo kilekile cha Farnham alikosomea, akawa profesa mwaka wa 2001, akastaafu 2014. Mwaka wa 2018 chuo hicho, sasa kikiwa University for the Creative Arts, kilimfanya chansela wake. Mwaka wa 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Mwaka wa 2022 vyungu vyake vilikuwa kwenye maonyesho makuu ya sanaa ya Venice, na 2024 vikawekwa ndani ya Houghton Hall, jumba la kifahari la zamani huko Norfolk. Miaka yote hiyo, chungu kimoja baada ya kingine.

Hakuwa peke yake katika kuhamisha mkono. Wapo wengine wa kwetu, na kila mmoja alipita mlango wake.

Rosemary Karuga alizaliwa Meru mwaka wa 1928. Alisomea sanaa Makerere, Kampala, kuanzia 1950 hadi 1952, akawa mwanamke wa kwanza kuhitimu pale katika fani hiyo. Kisha maisha yakamchukua. Akaolewa, akalea watoto, akafundisha shule kwa miaka mingi. Alipokaribia miaka 60, mwishoni mwa miaka ya 1980, alirudi kwenye sanaa yake, akawa msanii mkaaji Paa ya Paa, ambayo ilikuwa imehamia nje kidogo ya jiji. Hakuwa na pesa za rangi. Alichukua pakiti za unga na karatasi za sabuni ya Rexona, akazikatakata vipande vidogo, akavibandika kwa gundi hadi vikawa wanyama, kuku, wanawake shambani. Je, mnakumbuka pakiti ile niliyowaambia muitazame, iliyochorwa na mtu asiye na jina? Katika kazi za Karuga nyekundu ya pakiti ikawa upanga wa jogoo. Picha hizo zilipamba hadithi ya mwandishi Amos Tutuola, zikaonyeshwa Paris, na mwaka wa 1990 zikafika Studio Museum ya Harlem, New York. Alifariki Ireland mwezi wa Februari 2021, akiwa na miaka 92.

Upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, Dagoretti, yuko Joseph Bertiers, aliyezaliwa 1963. Yeye alikuwa mchoraji wa mabango ya baa, bucha na vinyozi, ile sanaa ya ukutani mnayoiona kila siku mkielekea Kawangware na ambayo watu wa majumba ya sanaa huipita bila kugeuza shingo. Alipoanza kuchora ya kwake hakujifanya amesahau mabango. Alitumia rangi zilezile kali na maandishi yaleyale, ila ndani ya baa akawaketisha marais, majenerali na watu mashuhuri wa dunia, wakilewa na kugombana kama walevi wengine. Ernie Wolfe, mwenye jumba la sanaa Los Angeles, alizionyesha Marekani. Nazipenda kwa sababu hazina adabu.

Na yuko kijana zaidi, Thandiwe Muriu, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1990. Baba yake alimfundisha kutumia kamera akiwa na miaka 14. Alipofika miaka 23 alikuwa akipiga picha za kampeni nzima za matangazo, kazi iliyoshikwa zaidi na wanaume. Mwaka wa 2015 akaanza mradi wa kwake, CAMO. Anampamba mwanamke kwa kitambaa kilekile kilicho ukutani nyuma yake, hadi mwili unapotelea ndani ya mauamaua na uso peke yake ukabaki ukikutazama. Miwani anayomvisha huundwa na vitu vya nyumbani, kama rola za nywele na vichujio. Kila picha huambatana na methali ya Kiafrika. Mwaka wa 2024 picha hizo zilitoka kama kitabu. Ule mng'ao wa tangazo, usafi wa taa, rangi zinazokurukia machoni, vyote alivijifunza akiuza bidhaa za watu. Sasa haviuzi chochote. Vinakusimamisha tu.

Mtaniuliza, basi, tuanze na kazi ya kulipwa au na sanaa yetu? Wazazi wenu wana jibu lao, na wana haki ya kuogopa. Karo hailipwi kwa ndoto. Mimi naangalia hawa wanne tu. Karuga alisubiri miaka zaidi ya 30. Odundo aliondoka mapema. Muriu aliuanza mradi wake kazi ya matangazo ikiendelea. Bertiers hakuona hata ukuta kati ya mambo hayo mawili. Hakuna aliyeutupa ufundi wa kazi ya kwanza. Ukiajiriwa kuchora kadi za harusi River Road, zichore vizuri, maana mkono haujui kazi hii ni ya nani. Lakini weka pembeni daftari lako ambalo mteja hatalifungua, na usiwaonyeshe wote.

Jambo moja linaniuma. Mtoto wa London anaweza kupelekwa na mwalimu wake British Museum akasimama mbele ya chungu cha Odundo bila kulipa kiingilio. Mtoto wa Kangemi, anayeishi karibu kabisa na chuo alikosomea, hana njia rahisi namna hiyo. Mwaka wa 2017 Nairobi Gallery, ile nyumba iliyokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa karibu na Nyayo House, iliandaa maonyesho ya wanawake waliotangulia katika sanaa, na Odundo na Karuga walikuwemo. Yalikuwa mema, yakaisha. Nyumba hiyo bado ipo, na ndani yake mna hazina za Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani aliyependa sanaa kuliko siasa. Waambieni walimu wenu wawapeleke. Mkifika, mwulizeni mhudumu, kwa heshima na kwa sauti ya kusikika, vyungu vya Magdalene Odundo viko wapi. Wakiulizwa na shule nyingi, huenda siku moja wakavitafuta.